Kikapu cha Nyanya Kinamlindaje Ndovu?

Katika maduka ya hoteli na ya viwanja vya ndege nchini Kenya, vikapu vya katani kutoka Taita huuzwa vikiwa na kibandiko kidogo kinachomweleza mnunuzi kwamba amemwinua mama wa kijijini na papo hapo amemlinda ndovu. Sehemu ya kwanza haihitaji maelezo. Mama amesuka, mgeni amenunua, pesa zimefika nyumbani. Sehemu ya pili ndiyo ngumu. Mama wa miaka sabini hawindi. Hana mishale ya sumu, hategi nyaya, hana habari na bei ya pembe. Pesa zake zinamwokoaje ndovu ambaye hakuwa na nia ya kumdhuru?

Swali hili ni la haki na linastahili jibu kamili, kwa sababu miradi ya namna hii imeenea kote duniani palipo na wanyama walio hatarini na wanawake wasio na kipato: shanga Samburu, vikapu Taita, sufu Mongolia, vitambaa vya kufuma Assam. Yote hutoa ahadi ileile. Mingine huitimiza, mingine haiwezi kuitimiza hata wenyewe wakitaka. Tofauti haiko kwenye uzuri wa kazi wala kwenye bidii ya akina mama. Iko kwenye jambo moja: je, kuna mtu aliyefunga kipato cha yule nyanya na uhai wa yule mnyama, kiasi kwamba mnyama akiuawa nyanya anapoteza kitu? Pasipo fundo hilo, kilichopo ni biashara njema ya vikapu karibu na mbuga.

Kwa nini akina nyanya

Tazama vijiji vilivyozunguka mbuga ya Tsavo, huko huko Taita. Kijana akibanwa na njaa huenda Voi au Mombasa, akapata bodaboda au kibarua cha ujenzi. Mzee wa kiume ndiye mwenye jina kwenye hati ya shamba na ndiye mwenye kauli juu ya ng'ombe. Nyanya hubaki na wajukuu, na shamba la mahindi ambalo mvua ikikosa halitoi kitu, na ikinyesha ndovu huliona kabla ya yeye kuvuna. Serikali ya Kenya huwapa waliofikisha miaka 70 shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia mpango wa Inua Jamii. Ni msaada wa heshima, lakini muulize yeyote anayenunua unga, mafuta ya taa na daftari za mtoto wa shule kama zinafika mwisho wa mwezi.

Alichonacho nyanya ni ujuzi. Alifundishwa na mamake kusokota singa za katani kwenye paja hadi ziwe uzi, kuanza na kitako cha kikapu, kupandisha duara baada ya duara, na kuingiza rangi mahali pake bila kuchora popote. Kazi hii hufanywa mtu amekaa. Huachwa mtoto akilia na kuendelezwa akilala. Haihitaji mtaji mkubwa, kwa maana mkonge, mmea unaotoa katani, uko. Mjini Mwatate kuna mojawapo ya mashamba makubwa zaidi ya mkonge duniani. Tena haiingojei mvua, na jambo hilo tutalirudia kwa sababu ndilo lenye uzito mkubwa.

Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo katika maeneo kame ya Kenya. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilihesabu ndovu 205 waliokufa kati ya Februari na Oktoba 2022, pamoja na mamia ya nyumbu na punda milia. Mwaka kama huo, nyumba isiyo na mahindi hutazama pori. Huko kuna miti ya kuchoma makaa na kuna paa wa kutega. Hapo mtu mwenye kikapu cha kuuza ana njia ambayo jirani yake hana. Watetezi wengi wa miradi hii husimama hapa: mpe mama kipato kingine, ataacha kukata miti.

Ingekuwa rahisi hivyo, pori la Afrika Mashariki lingekuwa salama tangu zamani.

Pale ambapo kipato pekee hakitoshi

Kipato kipya mara nyingi hakiondoi kile cha zamani, huongezewa juu yake. Familia inayopata shilingi za makaa na shilingi za vikapu haina sababu ya kuacha moja, maana zote mbili zikijumlishwa bado hazijafika kiasi cha kumtosha mtu. Isitoshe, anayesuka na anayechoma makaa huwa ni watu wawili tofauti. Nyanya amekaa na katani yake, mjukuu yuko porini na shoka. Pesa za nyanya huenda zikamlipia mjukuu karo na kumtoa porini, au zisimtoe. Inategemea nani anaamua nini katika nyumba ile.

Kuna tatizo jingine ambalo wafugaji wanalielewa haraka kuliko watu wa mjini. Ukimpa mfugaji pesa, benki yake ni mbuzi. Mama wa Samburu anayeuza shanga vizuri mwaka huu ana kila sababu ya kununua mbuzi watatu, na mbuzi hao hula majani yaleyale anayoyategemea punda milia wa Grevy, ambaye amebaki wapatao 3,000 tu duniani, wengi wao wakiwa kaskazini mwa Kenya. Hakuna kosa alilolifanya mama huyo. Ameweka akiba kama alivyofunzwa. Lakini mradi ulioanzishwa kwa ajili ya punda milia umemwongezea mshindani malishoni.

Mwaka 2015 Dilys Roe na watafiti wenzake walichapisha mapitio ya miradi ya aina hii, ya kuwapa watu njia mbadala za kipato ili waache kuharibu mazingira. Walipata miradi 106 iliyofaa kuchunguzwa. Ni 21 tu iliyokuwa na taarifa za kuonyesha kama lengo la uhifadhi lilifikiwa. Iliyobaki ilijua ni watu wangapi waliofunzwa na bidhaa ngapi ziliuzwa, basi. Nadhani takwimu hiyo ingepaswa kuwakosesha usingizi wafadhili, kwa sababu haisemi kwamba miradi ilishindwa. Inasema hakuna aliyetazama.

Na kuna kazi za mikono ambazo zenyewe hula pori. Wachongaji wa Kikamba, waliojenga ushirika wao mkubwa pale Changamwe, Mombasa, tangu 1963, walichonga mpingo na muhugu kwa miongo mingi hadi miti hiyo ikawa shida kuipata katika misitu ya Kenya. Baadaye, kwa msaada wa mashirika ya uhifadhi, wengi wakahamia kwenye mwarobaini, ambao hupandwa na kukua upesi. Sanamu ya twiga iliyochongwa kwa mti wa miaka mia moja haimsaidii twiga hata kidogo, hata ikiwa imeandikwa nini chini yake. Kwa bahati nzuri katani ni zao la shambani, na hiyo ni sifa moja ya vikapu vya Taita ambayo haitajwi vya kutosha.

Fundo la Mongolia

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoujua uko mbali na kwetu, kwenye milima ya Mongolia, na inafaa kuueleza taratibu kwa sababu kila kipande chake kina sababu.

Baada ya 1990 msaada wa Umoja wa Kisovieti ulikatika, vyama vya ushirika vya serikali vikavunjika, na familia nyingi za Mongolia zikabaki na mifugo peke yake. Walikuwa wakiuza sufu ghafi kwa wachuuzi waliopita na malori, kwa bei waliyotajiwa. Mbuzi wa kashmiri wakaongezeka mno kwa kuwa sufu yao ndiyo iliyoleta pesa. Milimani humo anaishi chui wa theluji. Akiingia zizini usiku anaweza kuua kondoo wengi kwa mara moja, na ngozi yake ina wanunuzi. Kwa mfugaji aliyekwisha kupoteza mifugo kwa baridi kali, kumpiga risasi chui huyo kulikuwa na faida mbili na hasara hakuna.

Bayarjargal Agvaantseren alikuwa mwalimu wa lugha. Katika miaka ya 1990 alifanya kazi ya ukalimani kwa mtafiti wa chui wa theluji, akawa anakaa katika mahema ya wafugaji akisikiliza hasara zao. Mwaka 1998, yeye na Mmarekani Priscilla Allen walianzisha mradi uitwao Snow Leopard Enterprises. Wanawake wa Mongolia tangu zamani hushindilia sufu kuwa kitambaa kizito, kwa maana hema lao lenyewe limefunikwa kwa kitambaa hicho. Wakafunzwa kutengeneza vitu vidogo ambavyo mtu wa Marekani angevinunua: viatu vya ndani, mapambo ya Krismasi, vitu vya kuchezea paka, mazulia. Soko likapatikana kwenye maduka ya bustani za wanyama na baadaye kwenye intaneti. Hadi hapo hakuna jipya.

Jipya ni mkataba. Jamii inayotaka kuuza kupitia mradi hutia saini kwamba hakuna mtu katika eneo lake atakayemuua chui wa theluji wala wanyama wa porini anaowategemea kwa chakula, kama kondoo na mbuzi mwitu wa milimani. Mama hulipwa bei ya kazi yake kama kawaida. Mwisho wa mwaka, ikithibitishwa kwamba mkataba haukuvunjwa, jamii nzima hupata nyongeza ya asilimia 20 juu ya mauzo yao. Mtu mmoja akivunja, wote huikosa.

Sasa rudi kwenye swali la mwanzo. Mama mkongwe wa Mongolia hawindi, kama vile yule wa Taita asivyowinda. Anayewinda ni shemeji yake, au jirani wa bonde la pili, au kijana aliyerudi kutoka mjini bila kazi. Zamani risasi ya mtu huyo haikumgusa mama huyu. Mkataba umeifanya imguse. Risasi moja imekula nyongeza ya wanawake wote wa eneo, na katika jamii ya familia chache zinazojuana kwa majina ya mababu, haitakuwa siri nani aliyeifyatua. Mwanamke mzee ambaye sauti yake ilihesabiwa tu kwenye mambo ya harusi na misiba sasa ana neno la kusema kuhusu bunduki.

Ndiyo maana nasema umri wake ni nguvu ya mradi. Askari wa hifadhi humkamata mwindaji mara moja kwa miaka mingi, akimkamata. Bibi wa ukoo humwona kila siku, na anajua alirudi saa ngapi.

Kuna anayeuliza kama ni haki kumwadhibu mama kwa kosa la mtu mwingine. Nami nimelitafakari hilo sana. Kinachonituliza ni jinsi malipo yalivyogawanywa: bei ya jasho lake haiguswi kamwe, hata mkataba ukivunjwa. Kinachofungwa na mnyama ni nyongeza tu. Mradi ambao ungeshikilia ujira wenyewe ungekuwa unamtumia mwanamke maskini kama dhamana, na hilo nisingelitetea.

Mradi huo umeenea baadaye hadi Kyrgyzstan na Pakistani. Siwezi kumwambia mtu kwamba chui wa theluji wamepona kwa sababu ya viatu vya sufu. Mongolia ilipofanya hesabu ya nchi nzima, matokeo yaliyotangazwa 2021 yalikadiria chui 953, na kuna mambo mengi nyuma ya idadi hiyo. Lakini jambo moja lilitokea Tost, katika jimbo la Gobi Kusini, ambalo fedha peke yake haziwezi kulileta. Makampuni ya madini yalipopata leseni katika milima hiyo, wafugaji waliosimama kuipinga migodi walikuwa watu waliokwisha kuzoea, kwa miaka mingi, kukaa na Bayarjargal na kuzungumza juu ya chui kama mali yao. Mwaka 2016 bunge la Mongolia likaitangaza Tost kuwa hifadhi, na leseni 37 zilizokuwa ndani yake zikafutwa. Bayarjargal alipewa Tuzo ya Goldman, tuzo ya kimataifa ya watetezi wa mazingira, mwaka 2019.

Fundo lisilo na mkataba

Si lazima fundo liwe karatasi. Assam, kaskazini mashariki mwa India, lilifungwa kwa heshima.

Huko kuna korongo mkubwa aitwaye hargila, ndugu wa karibu wa wale ndege wenye vipara wanaokaa kwenye migunga ya barabara ya Mombasa jijini Nairobi, karibu na Uwanja wa Nyayo, na ambao Waganda huwaita kalooli. Kila aliyepita chini ya miti ile anajua harufu yake. Hargila hujenga viota kwenye miti mirefu ndani ya viwanja vya watu, hudondosha mizoga na kinyesi uani, na watu wa Assam walimwona ni nuksi. Wenye miti waliikata. Mwaka 2007 mtaalamu wa viumbe Purnima Devi Barman alimkuta mtu amekata mti wenye viota, makinda wakiwa chini. Aliahirisha masomo yake ya udaktari na kuanza kuzungumza na wanawake wa vijiji vya Dadara, Pachariya na Singimari.

Alipata kitu ambacho wanaume wa vijiji hivyo hawakukitegemea. Wanawake wa Assam ni wafumaji. Walipopewa vitanda vya kufumia na nyuzi, wakaanza kumfuma hargila kwenye vitambaa vyao vya heshima, yale mavazi na mitandio ambayo hutolewa zawadi na kuvaliwa kwenye sherehe. Ndege wa nuksi akaingia kwenye nguo ya harusi. Wakaanza kumfanyia sherehe za kumtakia heri msimu wa kutaga, kama zile anazofanyiwa mwanamke mjamzito. Mwenye mti akitaka kuukata, mkewe, mamake na jirani zake wote wamevaa ndege yule.

Leo kundi hilo linaloitwa Jeshi la Hargila lina wanawake zaidi ya 10,000, wakongwe na vijana pamoja. Viota katika vijiji hivyo vimepanda kutoka 28 hadi zaidi ya 250. Umoja wa Mataifa ulimtunuku Barman mwaka 2022 kuwa mmoja wa Mashujaa wa Dunia. Kitambaa kinaleta pesa, ndiyo, lakini kazi kubwa zaidi kiliyoifanya ni kubadili nani anaonewa haya: zamani ni yule mwenye kiota uani, sasa ni yule mwenye shoka.

Kwetu, jambo linalofanana na hili kwa kiasi fulani liko Samburu. Shirika la Ewaso Lions, linalofanya kazi na simba nje ya mbuga, lilianza kwa kuwashirikisha morani. Akina mama ndio waliodai nao waingizwe, na 2013 mpango wa Mama Simba ukazaliwa. Hoja yao haikuwa na jibu: wao ndio wanaotembea kutafuta maji na kuni, wao huona nyayo kabla ya mtu mwingine yeyote, na wana wao ndio morani wanaobeba mikuki.

Kurudi Taita

Basi kikapu chetu kimefungwa na nini?

Sagalla, kando ya Tsavo Mashariki, kuna jibu mojawapo. Ndovu wa Tsavo ndio wengi kuliko mahali pengine popote Kenya, na kijiji kile kiko njiani mwao. Tangu 2009 mradi wa ndovu na nyuki wa shirika la Save the Elephants, ukiongozwa na Lucy King, umekuwa ukijenga uzio wa mizinga pale. Mizinga huning'inizwa kuzunguka shamba na kuunganishwa kwa waya. Ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Utafiti uliotolewa 2024 ulionyesha kwamba wakati mazao yamekomaa uzio huo uliwarudisha hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia. Pamoja na nyuki, kimejengwa kituo cha akina mama ambako husuka vikapu na kushona.

Ukivitazama kimoja kimoja, nyuki ni nyuki na kikapu ni kikapu. Lakini weka mwaka mzima wa nyanya mmoja mezani. Mvua ikinyesha, uzio unamwachia mahindi yake na asali juu. Mvua ikikosa, nyuki huhama kwa kukosa maua na shamba halina cha kulinda, na hapo ndipo kikapu hubeba nyumba. Msimu wowote ule, riziki imemjia kutoka kwa watu waliokuja kijijini kwa sababu ya ndovu, na yeye anajua hivyo. Kwa mtu ambaye ndovu walimlia shamba mara ngapi sijui, na ambaye sheria ya wanyamapori ya 2013 inamwahidi fidia inayochelewa miaka, hilo si jambo dogo. Hasira ya mwenye shamba ndiyo hufungulia mlango mwindaji wa pembe. Mwindaji anahitaji mtu wa kumwonyesha njia, kumpa maji, na kunyamaza. Kijiji kisichonyamaza ni ulinzi ambao hakuna bajeti ya KWS ingeweza kuununua.

Hata hivyo ni lazima niseme: fundo la Sagalla ni la shukrani na ujirani. Halijaandikwa. Likiongozwa na watu wema hudumu, wakiondoka hulegea. Upande wa Kasigau, mpango wa kaboni uliothibitishwa 2011, wa kwanza wa aina yake duniani, umejaribu fundo jingine: makampuni hulipa ili hewa ya ukaa ibaki kwenye miti, hivyo fedha huja kwa sababu miti bado imesimama, na ikikatwa hazitakuja. Katika eneo hilohilo vikundi vingi vya wasukaji hutafutiwa soko la ng'ambo. Kwa maoni yangu, vikundi hivyo vingefaidi kuwa na nyongeza yao wenyewe kwa mtindo wa Mongolia, itakayolipwa moja kwa moja kwa msukaji mwaka ambao hakuna ndovu aliyepigwa mkuki na hakuna nyaya zilizokutwa upande wao. Pesa za kaboni hupita kwenye kamati, na kamati huwa na wanaume. Nyongeza ya kikapu ingepita mkononi mwa nyanya.

Njia ya shilingi

Mkono huo nao una mambo yake. Wazee wengi hawana simu zao, na malipo ya M-Pesa huingia kwenye laini ya mjukuu au ya mtoto wa kiume. Mradi unaohesabu kwamba umemlipa nyanya huenda umemlipa kijana. Vikundi vilivyo imara hulipa mezani, mbele ya wenzake, jina likisomwa kwenye daftari, kisha kila mmoja akatoa mchango wake wa chama pale pale. Ni utaratibu wa kizamani, na ndio bora kuliko wote niliousikia.

Halafu kuna macho. Mtoto wa jicho hukatisha kazi ya msukaji mzuri miaka mingi kabla mikono yake haijachoka, na upasuaji wake ni mfupi. Mradi unaotegemea wanawake wa miaka 65 kwenda juu na haujawahi kuleta daktari wa macho kijijini haujafikiria wafanyakazi wake. Vilevile muda: kikapu kizuri huchukua siku nyingi, na mnunuzi wa jumla anayetaka vikapu mia vya kipimo kimoja kwa mwezi mmoja huwafanya wazee wakeshe kwa taa, au huwafanya wanakikundi wasuke ovyo, bei ikashuka kwa wote.

Na soko linaweza kuzimika ghafla. Kenya ilifunga anga kwa ndege za abiria kutoka nje mwishoni mwa Machi 2020, ikafungua tena tarehe 1 Agosti. Vikundi vilivyokuwa vikiuza kwa watalii peke yao vilibaki na marundo ya shanga na vikapu. Vilivyokuwa na wanunuzi wa ng'ambo waliozoea kuagiza vilitetereka lakini vikasimama. Soko la ndani nalo limesahauliwa kwa namna inayoniuma. Mkenya wa Nairobi hununua mfuko wa kutoka China kwenda nao sokoni, na kikapu cha Taita anakiona ni cha wazungu.

Anayetaka kujua kama mradi fulani unalinda mnyama kweli aanze kwa kuuliza nani anapoteza nini mnyama akifa. Kama jibu ni hakuna, aulize tena kwa upole, maana huenda fundo lipo na halijasemwa, kama Assam. Kisha aombe kuona rekodi. Kila kikundi cha wasukaji nilichokifahamu kina daftari la mauzo, mara nyingi limeandikwa na binti wa sekondari kwa mwandiko mzuri. Kila kituo cha askari wa wanyamapori kina kitabu cha matukio: ndovu shambani, nyaya zilizokutwa, mizoga, makaa yaliyokamatwa. Vitabu hivi viwili huwa kilomita chache tu kutoka kimoja hadi kingine. Kuvisoma pamoja mara moja kwa mwaka, kwenye baraza la chifu, akina nyanya wakiwa wamekaa viti vya mbele, hakuhitaji mfadhili wala mtaalamu kutoka nje. Kunahitaji tarehe, na mtu wa kusoma kwa sauti.